Tumefungwa na Mtu Mmoja

Padri mlezi wetu mmoja ana sweta la bluu ambalo hulivaa jioni za baridi tu. Kifuani limeandikwa kwa herufi nyeupe neno "Pirates", yaani maharamia. Frateri mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hutazama pembeni, asijue kama acheke au anyamaze. Padri mwenyewe ndiye hucheka. Alisoma Marekani, katika Seminari ya Immaculate Conception, ambayo ipo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey. Chuo hicho ni cha Jimbo Kuu Katoliki la Newark, kilianzishwa mwaka 1856, na timu zake zote za michezo huitwa hivyo, Maharamia. Padri alirudi nyumbani na shahada, vitabu, na ushabiki wa mpira wa kikapu ambao haujapoa mpaka leo.

Jumapili moja ya Novemba 2024, sweta hilo lilituletea mjadala ambao kwangu haujaisha. Jioni hiyo sisi wa mwaka wa kwanza wa falsafa tulikuwa tumetoka kufungwa na kaka zetu wa mwaka wa tatu. Tukiwa refektori, kabla hata uji haujapoa, mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika meza tatu kwamba tungeshinda kama fulani asingecheza. Akamtaja kwa jina. Aliyetajwa alikuwa amekaa meza hiyo hiyo. Aliweka kijiko chini, akaanza kutazama bakuli lake. Wengine tulicheka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na nikaongeza kwamba ukweli usemwe.

Padri alikuwa anapita na kikombe chake. Hakutukaripia. Alivuta kiti, akasema, "Mafrateri, niwasimulie mchezo mmoja."

Mchezo wenyewe ulichezwa tarehe 18 Februari 2024, Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Seton Hall walikutana na St. John's katika ukumbi wa Elmont, nje kidogo ya jiji la New York. St. John's nacho ni chuo kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1870 na mapadri wa Shirika la Misioni, wale tunaowaita Wavinsenti. Kocha wake ni Rick Pitino, mmoja wa makocha wanaojulikana sana katika mpira wa kikapu wa vyuo, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Kentucky kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1996. Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 71, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza hapo chuoni. St. John's waliongoza kwa pointi 19 katika kipindi cha kwanza. Mwisho wa mchezo ubao ulisomeka 68 kwa 62, Seton Hall wameshinda. Katika michezo kumi, St. John's walikuwa sasa wamepoteza minane.

Pitino akaenda kwenye mkutano na waandishi wa habari. Huko alisema kwamba hajawahi kuwa na msimu usio na furaha kama huo tangu aanze kufundisha. Alilalamikia mazoea ya wachezaji wake katika ulinzi. Kisha akaanza kuwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Joel Soriano, mchezaji wa kati mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, ni mzito kusogea pembeni. Huyu naye mzito. Yule naye mzito. Mwingine mwili wake hauna nguvu. Alikiri pia kwamba msimu uliharibikia kwenye usajili, na usajili huo alikuwa ameufanya yeye na wasaidizi wake. Lakini yaliyosambaa yalikuwa yale majina.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu nieleze jambo moja. Mlinzi wa mpira wa kikapu hamkimbizi mpinzani kwa mbele tu. Anapaswa kuteleza pembeni kwa miguu iliyoinama kidogo, abaki kati ya mpinzani na kikapu. Pitino amejijengea jina kwa kubana wapinzani uwanja mzima tangu wanaporusha mpira kuingia. Mfumo huo unadai miguu myepesi. Kwa hiyo aliposema "mzito kusogea pembeni" hakuwa anatukana ovyo. Alikuwa anataja kasoro ya kitaalamu, na yeyote aliyetazama mchezo ule aliweza kuona anachokisema.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na sisi pale refektori tukagawanyika kama wao.

Upande wa kwanza ulisema: kocha hakudanganya. Mchezo ulichezwa hadharani, watu walilipa viingilio, wakauona uzito huo kwa macho yao. Kuna siri gani iliyofichuliwa? Tena vijana wa siku hizi si wale wa zamani. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura yake. Anayepokea malipo kama mtu mzima avumilie pia kusemwa kama mtu mzima. Na hoja yao kubwa kuliko zote ilikuwa matokeo. Baada ya siku ile St. John's walishinda michezo sita mfululizo. Waliwafunga Creighton 80 kwa 66. Kwenye mashindano ya ligi yao, ligi ya Big East, walikutana tena na Seton Hall wale wale wakawafunga 91 kwa 72. Ni Connecticut ndio waliowasimamisha katika nusu fainali, 95 kwa 90. Basi maneno yalifanya kazi. Dawa chungu imeponya, mnataka nini tena?

Upande wa pili ulisema: hawa ni wanafunzi. Wana mama zao wanaosoma habari hizo. Wengi wao kocha aliwachagua mwenyewe miezi michache nyuma, akijua miguu yao ilivyo. Mwenye nyumba hailaumu sebule mbele ya wageni wakati ramani aliichora yeye. Na kama ni matokeo, waliocheza na kushinda ni vijana wenyewe, kwa hiyo sifa ya ushindi ni yao.

Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilisema sana. Nilisimama kabisa. Nilisema kwamba Kanisa lenyewe linakosa watu wa kusema ukweli waziwazi, kwamba manabii hawakuita watu pembeni. Nilipigiwa makofi. Padri alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Frateri, pale kwenye mkutano wa waandishi, kocha alikuwa anazungumza na nani?"

Nikajibu haraka: na wachezaji wake. Padri akanyanyua kikombe chake. "Wachezaji walikuwa wamekaa mbele yake?" Kengele ya sala ya usiku ikalia, mafrateri wakaanza kunyanyuka, nami nikabaki nimesimama na jibu ambalo halikuwa jibu.

Usiku ule sikulala upesi. Swali la Padri liliamsha kitu ambacho nilidhani kimekwisha.

Kabla ya kuingia malezi nilifundisha kwa mkataba wa muda katika shule moja ya sekondari ya kutwa. Mwaka ulikuwa 2022, nami nilikuwa na miaka 22. Kwa kuwa nilikuwa kijana na niliwahi kucheza, nilikabidhiwa mpira wa kikapu. Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji yenye nyufa, na kikapu chuma kitupu bila wavu. Vijana walinipenda. Kila mazoezi niliwaambia kidole kimoja hakivunji chawa, nao wakaifanya methali hiyo kuwa wimbo wa kuingilia uwanjani.

Tulifika hatua nzuri katika mashindano ya shule za wilaya, halafu tukafungwa kwa pointi 3. Dakika za mwisho wapinzani walipita mara tatu upande ule ule, upande wa kijana mmoja wa kidato cha tatu. Alikuwa anachelewa. Alikuwa anageuka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Jumatatu asubuhi, kwenye paredi, mwalimu wa zamu aliniita nitoe taarifa ya michezo. Wanafunzi zaidi ya mia tatu walikuwa wamesimama kwa mistari, na walimu wenzangu nyuma yangu. Nilisema timu imejitahidi. Kisha nikasema, "Vijana wanne walicheza. Tumefungwa na mtu mmoja, na anajijua." Nikamtazama. Vichwa vyote vikageuka vikamtazama. Kikapita kicheko kile cha paredi, kinachoanzia mistari ya nyuma na kuja mbele.

Nikiri hapa jambo ambalo nilishaliungama kwingine. Kicheko kile kilinipendeza. Nilikuwa nimelala na aibu ya kufungwa kwa usiku mbili, na katika sekunde chache nikaivua aibu hiyo, nikamvika mtoto wa miaka 16 au 17. Walimu nyuma yangu walielewa kwamba kosa si la mwalimu wa michezo. Na hilo, nikijichunguza kwa kweli, ndilo nililokuwa nalitaka. Nilidhani ninamwonya kijana, kumbe nilikuwa nazungumza na walimu wenzangu.

Kijana hakurudi mazoezini. Nilimwona darasani, alikuwa anajibu akiulizwa. Sikumwita. Mkataba wangu ukaisha, nikaondoka.

Mwaka wa kwanza wa falsafa tunasoma Aristotle, na katika majuma yale nilimsoma nikiwa na sababu yangu. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba tunalaumu yale tu yaliyo katika uwezo wa mtu. Hata kuhusu mwili anapambanua: mtu aliyezaliwa na ulemavu halaumiwi na yeyote, huonewa huruma. Anayelaumiwa ni yule aliyeharibu mwili wake kwa uzembe. Nikaipima orodha ya Pitino kwa kipimo hicho. Mchezaji asiyerudi kukaba kwa uvivu anastahili lawama. Mchezaji mwenye zaidi ya mita 2 ambaye miguu yake haitelezi pembeni kama ya kijana mfupi, je, amekosa nini? Ametajiwa umbile lake kana kwamba ni kosa. Kocha anaweza na anapaswa kuliona umbile hilo, apange ulinzi kulingana nalo. Lakini hesabu ya kupanga timu ni jambo moja, na lawama ni jambo jingine.

Kisha nikaenda kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, Summa ya Teolojia, sehemu ya pili ya pili, swali la 33, anapozungumzia kuonyana kidugu. Nilitegemea nimkute upande wa Padri moja kwa moja. Haikuwa rahisi hivyo. Thoma anasema dhambi iliyofanyika hadharani inaweza kukemewa hadharani, kwa ajili ya wale walioiona wakakwazika. Ile ya siri ndiyo inayofuata utaratibu wa Injili ya Mathayo sura ya 18: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha mashahidi, kisha Kanisa. Basi mashabiki wa upande wa kwanza wana hoja ya Thoma mkononi, hata kama hawajui. Mchezo ulikuwa hadharani.

Lakini angalia, ndugu msomaji, mambo mawili. La kwanza, Thoma anazungumzia dhambi, na kukosa kikapu si dhambi. La pili ni sababu anayoitoa ya kutunza jina la mtu. Anasema wengi hujizuia kutenda mabaya kwa kuogopa kupoteza heshima, na wakiona heshima imekwisha potea, huacha kujizuia. Yaani jina jema la mtu ni msaada wa wema wake. Ukilibomoa ukitaka kumrekebisha, umeichukua ngazi ambayo angeitumia kupanda.

Nikayaweka hayo pamoja na swali la Padri, na sarufi yetu ya kawaida ikanisaidia kuliko vitabu. Shuleni tulifundishwa nafsi tatu: mimi, wewe, yeye. Kuonya ni kitendo cha nafsi ya pili. Nasema, "Wewe ulichelewa kurudi." Nikisema hivyo, yupo mtu mbele yangu anayeweza kufungua kinywa na kunijibu. Nikigeuka nikasema, "Yeye alichelewa kurudi," maneno ni karibu yale yale na ukweli ni ule ule, ila kitendo kimebadilika. Sasa nazungumza na wengine juu yake, na hata kama amesimama pale mstarini, nimemfanya asiwepo. Hawezi kujibu. Akijibu atakuwa mtovu wa adabu. Ndiyo maana swali la kama kocha alisema kweli halitoshi, na swali la kama timu ilishinda baadaye halitoshi pia. Tunapaswa kuuliza maneno yalielekezwa kwa nani, na kama aliyesemwa alikuwa na nafasi ya kusema lake.

Nilidhani nimelimaliza somo hapo: kocha anyamaze mbele ya watu, aseme faraghani. Lakini mwezi Machi 2025 kocha yule yule alinionyesha kwamba hata kunyamaza hakutoshi.

Msimu huo wa pili St. John's walikuwa wazuri kweli. Walitwaa ubingwa wa mashindano ya Big East kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000. Mchezaji bora wa ligi alikuwa wa kwao, RJ Luis. Padri wetu, ingawa ni Haramia, alitupa taarifa kila juma kwa uchungu wa jirani. Tarehe 22 Machi, katika mashindano ya taifa, walikutana na Arkansas mjini Providence, mji ambao Pitino mwenyewe aliwahi kufundisha. Luis alirusha mara 17, zikaingia 3. Zikiwa zimebaki karibu dakika 5, kocha akamketisha kwenye benchi, na hakumrudisha. Arkansas wakashinda 75 kwa 66.

Waandishi wakamwuliza Pitino kwa nini mchezaji bora wa ligi alikaa benchi hadi mwisho. Safari hii hakutaja udhaifu wa mtu. Aliwajibu kwamba wanajua jibu la swali lao, akataja hizo 3 kati ya 17, akasema hatamponda mchezaji wake. Mashabiki wakawaka upya. Wengine walimsifu: huyu amejifunza, anamlinda kijana. Wengine wakasema kumlinda kwa maneno na kumwacha benchi mbele ya taifa zima ni kumponda kwa njia nyingine, na kutaja hesabu yake ni kuweka kidole pale pale. Wachache walikumbusha kwamba timu nzima siku ile ilirusha mitupo 22 ya pointi tatu na kuingiza 2 tu. Walikuwa wanasema, kwa namna yao, kwamba hakuna timu inayofungwa na mtu mmoja.

Sikupiga kelele safari hii. Niliona kwamba benchi nalo husema, na ukimya wa mkubwa nao husomwa. Kocha hawezi kuepuka kuhukumu hadharani, kwa sababu kazi yake iko hadharani. Kila anapomwita mchezaji atoke, watu elfu nyingi wanaona. Kwa hiyo swali si kama atahukumu. Swali ni kama kuna mazungumzo ya "wewe" yanayoibeba ile hukumu, kabla yake au baada yake. Yakiwepo, kijana anaweza kukaa benchi dakika 5 na bado akajijua kuwa mchezaji wa mtu. Yasipokuwepo, hata sifa za gazetini hazimfikii.

Nikajua basi nina deni, na halilipwi kwa kusoma.

Likizo ya Julai nilikwenda katika mji ule kumtafuta. Haikuchukua muda. Yuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, anapima misumari na kukata mabati. Amekuwa mrefu kunipita. Alinitambua mara moja. "Shikamoo, Mwalimu!" Nikaitika. Akaniletea kigoda, akamtuma mtoto soda.

Nilimwambia nimekuja kwa nini. Nilimkumbusha paredi. Akacheka, akasema, "Ah, Mwalimu, hayo ya zamani. Mimi nilishasahau." Nikamwambia mimi sijasahau, na kwamba nilikosea, na kwamba naomba anisamehe. Hapo akaacha kucheka. Alichukua msumari mmoja mezani akawa anaugeuza vidoleni. Akasema taratibu, "Ungeniita tu pembeni, Mwalimu. Ningekuambia viatu vilikuwa vya kaka. Vilikuwa vikubwa, nilijaza karatasi kwa mbele. Nikigeuka, mguu unazunguka, kiatu kinabaki."

Sikuwa na la kusema. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimehifadhi picha ya mtoto mzito. Mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi. Viatu ndivyo vilivyokuwa vizito, na jibu hilo lilikuwa kinywani mwake tangu Jumamosi ya mchezo, linasubiri mtu aulize.

Alinisamehe. Alisema hivyo wazi, akanipa mkono. Tulipokuwa tumeshikana mikono akaingia fundi mmoja mwenye vumbi la saruji, akapiga kaunta, akaita: "We Mtu Mmoja, nipimie nusu kilo ya nchi tatu!" Kijana akageuka akamhudumia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Aliporudi aliona uso wangu, akasema, "Hilo ndilo walilonipa shuleni. Limeshakaa. Hata mama huniita hivyo akifurahi."

Msamaha nilioupata ni wa kweli na ninamshukuru Mungu kwa huo. Lakini lile jina sikuweza kulichukua niondoke nalo. Nililisema mbele ya watu mia tatu, na sasa ni lao. Yeye peke yake angeweza kunisamehe neno nililomwambia yeye. Neno nililowapa wengine, kila mmoja anatembea nalo.

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mafrateri hasa. Tukijaliwa kufika altare, tutakabidhiwa mahali pa kusemea ambapo hakuna anayejibu. Baada ya komunyo watu huketi, matangazo husomwa, na padri akishika kipaza sauti anaweza kusema lolote juu ya katekista aliyechelewa, kwaya iliyoimba vibaya, jumuiya isiyoleta zaka, au familia fulani "inayojijua". Waamini watacheka kile kicheko cha paredi. Tutahisi kwamba tumesema ukweli, na huenda tutakuwa tumeusema. Huenda hata Jumapili inayofuata zaka itaongezeka, na tutasema dawa imefanya kazi.

Mwenzetu yule aliyetajwa refektori bado tunacheza naye. Majuma mawili yaliyopita tulifungwa tena, na yeye alipoteza mpira mara nne. Wakati wa kurudi bwenini nilipunguza mwendo hadi tukabaki wawili, karibu na tangi la maji. Nikamwambia, "Ulipoteza mipira minne leo. Kuna nini?" Alinieleza. Sitayaandika hapa aliyonieleza, kwa sababu aliniambia mimi. Ila ningekuwa nimekosea tena, kama mara ya kwanza, laiti ningeanza kwa kuwaambia wengine.